Ubao Mkavu

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwingine, maana ua ule ulikuwa na watu kadhaa waliofanana na mjinga, na mmoja wao alikuwa akitengeneza ndege kwa mafunjo.

Mimi ni seremala, jina langu Nyongesa, mtu wa Bungoma. Niliingia Kampala baada ya vita vya themanini na sita kwa hesabu rahisi: mji ambao milango yake imepigwa teke na askari wa kila serikali lazima utataka seremala. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilichosahau kuhesabu ni wezi. Katika miaka ile ya mwanzo niliibiwa randa, nikaibiwa misumeno, kisha pale soko la Owino nikauziwa baiskeli yangu mwenyewe na mtu aliyeniapia kwamba ilikuwa ya mjomba wake. Nililipa, kwa sababu aliisifia vizuri kuliko nilivyowahi kuisifia mimi. Kwa hiyo mambo haya yalipotokea, mapema katika miaka ya tisini, nilijiona mtu aliyekwisha kulipia ujinga wake wote. Kumbe ulikuwa umebaki mmoja.

Nilipanga chumba Kibuli, sehemu ya chini ya kilima, katika ua wa Wanubi. Nyumba aliijenga marehemu baba yao, naye baba yake aliletwa Uganda kutoka Sudan akiwa na bunduki ya Mwingereza begani. Walibaki ndugu watatu. Kaltumi, mjane, ndiye aliyekaa pale na kutuongoza sisi wapangaji. Tulimwita Mama Husnah kwa jina la binti yake, na mchana kutwa alikuwa barazani akisuka vyungio na sinia za ukindu. Kaka yao mkubwa, Hajji Asuman, askari magereza mstaafu, alijenga kwake Luzira karibu na ziwa. Alikuja Jumapili baada ya Jumapili, akipita mlango hadi mlango mikono nyuma, na mimi mwenyewe, niliyekuwa sina kosa lolote, nilijikuta nikisimama wima.

Wa katikati alikuwa Abdunoor. Zamani alikuwa fundi wa ndege kule Entebbe. Serikali moja ilipoanguka alikimbilia Sudan kama Wanubi wengi, na alipothubutu kurudi, baada ya vita vile vya themanini na sita, kazi yake ilikuwa na watu wengine na ndege zenyewe zilikuwa zimebaki za kuhesabika. Basi akakaa barazani. Ndege ikipita kwenda Entebbe aliitaja aina yake bila kuinua kichwa. Nilimtania kwamba angesikiliza na pikipiki za boda boda zinazopanda kwenda msikitini, atuambie ni za nani. Alinijibu kwamba angeweza, ila injini moja haimpi mtu cha kufikiria. Hapo ndipo tulipokuwa marafiki.

Siku moja alishuka mpaka kwenye bwawa la Port Bell, akarudi na mzigo wa mafunjo mabegani kama mwanamke anayekwenda kuezeka. Aliyakausha, akayamenya, na ndani yake mkawa na ule moyo mweupe, mwepesi kuliko mkate. Akaukata vipande kwa wembe. Akapasua mianzi mpaka ikawa kama nyuzi. Baada ya muda akanionyesha mkia wa ndege, mdogo kiasi cha kukaa kiganjani, uliofunikwa kwa ile karatasi laini wanayofungia viatu vipya, na kupakwa rangi ya kucha isiyo na rangi, aliyoiomba kwa Husnah ili karatasi ikazwe kama ngozi ya ngoma. Ulikuwa mkia wa ndege ya injini mbili, yenye mabawa juu, ile aliyokuwa akiihudumia zamani ikipeleka watu Arua na kuwarudisha. Nilimwuliza itaruka au itakaa kabatini. Alinitazama kama vile nimeuliza kama kitanda ninachotengeneza ni cha kulalia.

Shida ilikuwa mahali. Alifanyia kazi kitandani kwake, katika chumba alichochangia na magunia ya ukindu ya dada yake; upepo ukiingia, mbavu za ndege zinaruka kabla ya ndege. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kimoja kisichokaliwa, kirefu, kisicho na dari, boriti zake ziko wazi mpaka kwenye mabati. Kaltumi aliweka humo vitu vyake. Abdunoor alimwomba kile, awe na karakana. Kaltumi alikubali. Hajji Asuman hakukubali.

Hajji alikuwa amepata mpangaji, kijana mtulivu, karani wa polisi pale Naguru, na kwa maoni yake chumba kisichokuwa na mtu ni kama askari asiyekuwa na zamu. Walibishana Jumapili nzima, Abdunoor akiongea kidogo, Hajji akiongea kilichobaki. Mwisho Hajji akatoa amri, kwa kile Kiswahili chake cha kambini: atakuja Jumapili ifuatayo. Akikuta kazi inayofanana na kazi, Abdunoor akae na chumba. Akikuta mtu mzima anacheza na vijiti, karani anaingia siku hiyohiyo.

Mimi nilikuwepo, na mdomo wangu haujawahi kungoja kualikwa. Nikasema Hajji asiwe na wasiwasi, karakana nitaiweka mimi, na meza yake itakuwa imenyooka kama maji kwenye karai. Hajji akaniambia tutaona. Tangu pale Abdunoor alianza kunifuata asubuhi mpaka kwenye banda langu la kazi, akitazama mbao ninazochagua kama mtu anayemchagulia binti yake mume.

Nikaipanga karakana. Rafu ukutani, za kuwekea mianzi na chupa za gundi. Misumari ya kutundikia misumeno midogo, tupa na koleo, vitu ambavyo Abdunoor alikuwa amehama navyo kutoka nchi mpaka nchi akiwa ameacha nguo. Dirisha nikalizibia wavu mzito ili upepo uingie kwa adabu. Kisha nikatengeneza meza, na meza ndiyo iliyonitoa jasho.

Bawa la ndege ndogo hujengwa likiwa limelala. Unatandika mchoro juu ya meza, unalaza juu yake ule mfupa mrefu wa mwanzi, unapanga mbavu moja baada ya nyingine, unatia gundi, unakandamiza, halafu unaondoka na kuliacha likauke. Kile kilichopinda mezani kitapinda kwenye bawa, na bawa lililopinda haliruki. Linazunguka kama kuku aliyekatwa shingo. Sasa miaka ile Kampala nzima ilikuwa inajengwa upya, na mbao za kando ya barabara zilikuwa mbichi mno, karibu zitoe majani. Niliunga meza nzuri. Kulipokucha, ilikuwa imejikunja pembe mbili kama chapati inayotolewa kwenye kikaango. Niliipiga randa. Kesho yake ikajikunja upande wa pili. Abdunoor aliweka juu yake kijivyuma cha duara, kikabingirika peke yake mpaka chini. Hakulaumu. Alikiokota tu, akakiweka tena, kikabingirika tena, na mimi nikaona ni afadhali angenitukana.

Alhamisi tulikuwa bado hatuna meza. Kaltumi alikuwa amekwenda Bombo kwa ndugu zao, kwenye harusi, kwa hiyo pale hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Nimekaa chini nimeegemea ukuta, nikainua macho, na juu ya boriti nikaona kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye mkeka.

Nilipanda nikakishusha. Ndani ya mkeka mlikuwa na ubao mmoja mzima wa mvule, mrefu kuliko mtu, mpana wa kutosha, mweusi kwa uzee, laini kama sabuni iliyotumika. Seremala mwenzangu atanielewa: nilifuta mikono kwanza. Niliuwekea jicho toka ncha mpaka ncha. Haukuwa umepinda hata unywele. Upande mmoja mwishoni ulikuwa na matundu madogo, yamechongwa vizuri, na nikasema aliyeyachonga alijua kazi. Ulinukia kafuri. Nikasema, hawa watu wanajua kutunza mbao, wanapaka kafuri kuzuia mchwa. Sisi kwetu tunapaka oili chafu tu. Nilimwambia hivyo Abdunoor kama mtu anayemfundisha mwanafunzi.

Abdunoor hakusikia harufu yoyote, pua yake iliharibika siku nyingi kwa rangi na petroli ya ndege. Alisema hajui ule ni ubao wa nini, labda wa kukaushia sinia za ukindu. Ni wa Mama Husnah, tumngoje. Nikamwambia tukimngoja Mama Husnah, Hajji atafika kabla yake. Tutautumia kwa heshima, tutaurudisha, wala sitaupiga hata msumari. Akaweka kile kijivyuma chake juu ya ubao. Kikakaa. Akakisukuma kidogo kwa kidole, kikakaa tena. Basi, mambo yakaishia hapo.

Niliulaza juu ya vigogo viwili. Jiliwa la Abdunoor la kubania chuma nikalifunga mwishoni, nikipitisha bolti kwenye yale matundu, ambayo yalilingana nalo kana kwamba yalichongwa kwa ajili yake, nikajisifu. Mvule mkavu haukubali pini, kwa hiyo tulikandamiza mbavu za bawa kwa nati za magurudumu ya lori, tulizoomba gereji. Ijumaa Abdunoor alitoka msikitini moja kwa moja mpaka kwenye meza. Jioni bawa zima lilikuwa limelala pale, jeupe, limepangwa nati juu yake kama mgonjwa aliyeumikwa chuku. Gundi ilitaka kukauka mpaka Jumamosi jioni. Abdunoor alilizunguka mara kadhaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alipiga mluzi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi alifariki Bi Rukiah, kizee wa ng'ambo ya njia. Alikuwa ameugua muda mrefu, na hakuna aliyeshangaa. Mimi aliniita Mkristo wangu, na nilikuwa nimemtengenezea kigoda cha kukalia akitawadha. Nikaenda kutoa pole, nikasaidia kuchota maji, kisha nikarudi karakana kumtazama Abdunoor anavyolitazama bawa.

Huko ndiko Kaltumi alikonikuta. Habari zilimfikia Bombo alfajiri, akapanda gari la kwanza. Aliingia na wanawake wawili, wamejifunga vitambaa viunoni tayari kwa kazi. Hakututazama sisi. Alitazama juu, kwenye boriti. Kisha akatazama chini.

“Nyongesa,” akasema. “Hii ubao nani ameshusha?”

Nikamwambia ni mimi, na badala ya kunyamaza nikaanza kuusifu. Nilisifu ukavu wake, nikamsifu aliyeupasua, nikasema mvule wa namna hiyo leo hupati hata ukimwendea mganga. Aliniacha nimalize. Wale wanawake wawili walitazamana.

“Kuna mtu anaungoja.”

Nikadhani ameuuza. Nikasema, kwa utani wangu niliouzoea, kwamba mtu huyo mumwambie angoje kidogo mpaka jioni, gundi haijashika.

“Yeye amemaliza kungoja,” alisema Kaltumi. “Ni Rukiah. Tunataka kumwosha.”

Nimepigwa ngumi Busia, nimepigwa kitako cha bunduki pale Clock Tower, lakini sijawahi kupigwa nikasikia hivyo. Ndipo kafuri ikaeleweka. Yale matundu nayo yakaeleweka: ya kupitishia maji. Kwetu Bungoma maiti tunamwosha tu, palipo na nafasi, hatuna ubao maalumu unaokaa ukingoja. Nami sikuwahi kuuliza majirani zangu wanafanyaje. Abdunoor angeweza kujua, ila hakujua. Ubao wa wanaume ulikuwa unakaa msikitini, kila mtu aliuona. Ule wa wanawake Kaltumi aliurithi kwa mama mkwe wake pamoja na kazi yenyewe ya kuosha, na mambo hayo wanawake walifanya milango ikiwa imefungwa, maiti akitoka amekwisha kuvikwa sanda. Abdunoor alikuwa Sudan dada yake alipokabidhiwa. Mwanaume gani angekwenda kuuliza?

Alisimama pale mikono ikining'inia. Hakujitetea, hakunitaja. Alianza kuondoa nati, moja moja, akiziweka kwenye kofia yake zisitoe sauti. Mimi nilikuwa magotini nahangaika na bolti za jiliwa, na moja ikakataa. Nilivuta, nikasukuma, nikaipaka mate. Mmoja wa wale wanawake akaniuliza kama nitauachia au niende nao.

Nati ya mwisho ilipotoka Abdunoor aliingiza viganja vyote viwili chini ya bawa akaliinua pamoja na mchoro wake. Gundi ilikuwa bado maziwa. Akalibeba mpaka chumbani kwake, akipita mlangoni kwa ubavu, na kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine palipo wazi, akalilaza kitandani. Wanawake wakachukua ubao. Alama ya bawa ilikuwa imebaki juu yake, michirizi myeupe, ubavu baada ya ubavu. Kaltumi aliipitishia kidole, akasema maji moto yataitoa, wakaondoka.

Nilikaa na wanaume msibani kwa sababu kukimbia kungeonekana vibaya zaidi. Habari zilinitangulia. Mzee mmoja aliyekuwa na tasbihi alisogea kwenye mkeka, akaniuliza polepole, bila kucheka, kama tulikusudia marehemu aende kwa ndege. Mwingine akamjibu kwa niaba yangu kwamba wasafiri wa siku hizi hawataki tena barabara, kuna mashimo. Nilivumilia. Mimi huwatania watu mwaka mzima. Siku yangu ilikuwa imefika, nikaona nisiwanyime. Kilichoniuma ni kwamba Abdunoor alikuwa amekaa upande wa pili, na aliyekaa karibu naye alikuwa Hajji Asuman, amekuja toka Luzira kuzika, na Hajji hakuwa anacheka. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye hukumu yake imeandikwa na mshtakiwa mwenyewe.

Tulizika baada ya sala ya adhuhuri. Alasiri wanawake wakarudisha ubao, umeoshwa, umepanguswa, umepakwa kafuri upya na kuviringishwa mkekani. Kaltumi alitaka kujua nani ataupandisha. Mimi nilitazama viatu vyangu. Abdunoor akapanda ngazi, akaupokea, akaulaza mahali pake palepale juu ya boriti na kuukaza kwa kamba. Kwingine usingekaa, vyumba vyote vingine vina dari ya chini, na ubao ni mrefu. Aliposhuka alikwenda kulileta bawa. Lilikuwa limekauka kwa umbo la godoro, limebonyea katikati mahali anapolaza mgongo wake. Akaliweka juu ya ile meza yangu iliyokunjamana, akachukua wembe, akaanza kulitenganisha kiungo kwa kiungo.

Kaltumi alimtazama toka mlangoni. Alimwuliza kama ataendelea kufanya kazi humo. Abdunoor akasema ikiwa kesho atakuwa bado na chumba, ataendelea. Basi Kaltumi akaenda zake kusuka. Mimi nilibaki nikishika taa ya mafuta mahali ambapo haikuhitajika, jua lilikuwa bado juu. Nilikuwa nimemwahidi rafiki yangu meza, nikamnyang'anya chumba.

Jumapili Hajji Asuman hakuja peke yake. Nyuma yake ilikuja boda boda imebeba godoro lililokunjwa, na katikati ya godoro na dereva alikuwa yule karani wa Naguru, kijana mrefu kwa jina Obwona, suruali imepigwa pasi, sanduku mapajani. Hajji alimwambia angoje getini. Kisha akaingia ua kwa ile hatua yake, moja kwa moja mpaka karakana, sisi nyuma yake. Kaltumi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, mkabala na mlango, chungio magotini.

Hajji alitazama rafu. Alitazama wavu dirishani. Alichukua ubavu mmoja wa ndege kati ya vidole viwili, akaupuliza, ukaruka. Nilipouokota alikuwa amekwisha kuanza. Alisema alitoa nafasi, kila mtu alisikia. Alitaka kuona kazi. Alichoona ni msiba wa watu kusimamishwa kwa ajili ya karatasi za viatu. Alisema mjini hawezi kupita, jana watu wazima wamemwuliza mdogo wake anajenga nini. Alisema hayo kwa sauti ya chini, jicho moja likiwa getini, maana mpangaji ni mpangaji na mambo ya nyumba hayamhusu.

Nikasema kosa lilikuwa langu, nilishusha mimi, adhabu nipewe mimi.

“Wewe Mkenya nyamaza,” Hajji akasema. “Wewe ni kesi nyingine.”

Abdunoor alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, wembe mkononi. Aliuweka chini.

“Kaka, nimekaa kwenye ile baraza tangu nimerudi,” alisema. “Nimeifahamu. Mkinirudisha pale sitainuka tena.”

Hakukuwa na maombi katika sauti yake. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya injini. Hajji aliutazama ule wembe mezani, na kwa muda huo nilidhani tumepona. Lakini mtu aliyezoea kufunga milango huona aibu kuuacha mmoja wazi. Akasema baraza haijamuua mtu. Akasema baba yao hakujenga chumba kwa ajili ya midoli. Akasema yeye ndiye mkubwa, neno lake ni moja, kijana ameahidiwa na kijana ataingia. Abdunoor akaanza kung'oa msumari wa kwanza, kushusha msumeno wake ukutani.

Huko getini dereva wa boda boda alikuwa amechoka kungoja, akashusha godoro, akaondoka. Obwona, kwa kuogopa lisichafuke, akalitia kichwani, akaja nalo polepole mpaka mlangoni. Alisalimia watu wote kwa mpangilio, mkubwa kwanza. Akaomba radhi. Akauliza alitue wapi.

Hajji akamshika mkono akamwingiza, furaha imemrudia. Alimwonyesha dirisha, alimwonyesha mlango una kufuli. Alimwambia hivi vijiti vitaondolewa sasa hivi. Obwona alikisifu chumba kwa adabu. Alisema kina hewa, alisema ni kirefu, anaweza kugawa kwa pazia. Alisema anapenda nyumba isiyo na dari, panya hawapati mahali pa kulala.

“Umeona?” Hajji akatuambia. “Mtu mwenye shukrani. Kaltumi, leta ufagio.”

Kaltumi hakuleta ufagio. Aliweka chungio chini, akanyoosha miguu, akaja mpaka mlangoni taratibu, akifuta mikono yake. Alimtazama Obwona na godoro lake, akamwambia karibu, mwanangu. Halafu akamgeukia kaka yake.

“Chumba ni chako, kaka Asuman, wewe ndiye mkubwa, mimi sibishi,” alisema. “Sasa mwambie kijana wa watu, kabla hajatandika, huo mkeka ulio juu ya kichwa chake umefunga nini.”